Dhambi anakuja: miezi minane ya gemu moja sebuleni

Nilinunua PS4, mashine ya gemu, kwa hasira. Dada yangu alikuwa amehamishiwa Dodoma kikazi, akaniachia mwanawe wa miaka 12 amalize darasa la sita hapa Morogoro. Haikupita wiki ya pili nikagundua kwamba hela ya chai ya shuleni inaishia kwenye kibanda cha gemu. Pale unalipia kwa mechi. Mechi moja ya mpira, dakika kama kumi, ukifungwa unampisha mwenzako au unatoa sarafu nyingine. Nikapiga hesabu ya mwezi mzima, nikaona bora mashine ikae sebuleni kwangu nimwone kwa macho.

Nilipata ya mtumba kwa shilingi 480,000 na padi mbili za kuchezea. Nilibaki na 30,000 mfukoni, na gemu ya mpira aliyoitaka mtoto ilikuwa inauzwa zaidi ya hapo. Kijana muuzaji akafukua chini ya meza, akaibuka na kasha lililopauka la Final Fantasy X/X-2 HD Remaster. "Chukua hii dada, gemu mbili kwenye diski moja. Hakuna anayeitaka, ina maneno mengi."

Hilo la maneno mengi alisema kweli. Naandika kwa ajili ya mtu atakayeingia kwenye gemu ya aina hii kama nilivyoingia mimi, bila wa kumshika mkono, akidhani amenunua kitu cha kupitisha jioni moja. Sisi tulianza Januari tukamaliza Agosti, tukicheza Ijumaa usiku na wikendi tu. Saa ya gemu ilisoma 91. Mtu aliyeelekezwa vizuri anaimaliza hadithi kwa karibu nusu ya hapo.

Kabla sijaenda mbali, la mashine. Nilipokuwa naijaribu pale dukani niliwasha, nikaona picha, nikalipa. Nyumbani tukakuta fimbo ya kushoto ya padi moja inajivuta yenyewe. Kwenye gemu ya mpira ungeweza kuvumilia, lakini huku nusu ya kazi ni kuchagua maneno kwenye orodha, na orodha ikishuka yenyewe unakunywa dawa ambayo hukutaka kuinywa. Ukienda kununua, acha padi mezani dakika tano bila kuigusa, uangalie kama kuna kitu kinatembea. Na feni isikilize. Yetu ilikuwa inanguruma kama mashine ya kukoboa mpaka fundi alipoifungua akatoa vumbi la kujaza kikombe. Elfu 20 nyingine hiyo.

Sasa gemu yenyewe. Final Fantasy X ilitoka Japani mwaka 2001 kwa ajili ya PS2, na hili toleo letu lililosafishwa liliingia kwenye PS4 mwaka 2015. Unaongoza kikundi cha watu saba katika dunia ya kubuni iitwayo Spira, visiwa na bandari na mahekalu, watu wanavaa nguo za rangi, wanasafiri kwa meli. Kuna dude kubwa kama mlima linatoka baharini linafagia miji. Binti mmoja, Yuna, anafanya hija hekalu kwa hekalu apate nguvu za kulishinda, na wenzake wanamlinda njiani. Mapigano ni ya zamu. Adui hakupigi ukiwa unafikiri, anakusubiri hata ukienda kugeuza maandazi ukarudi.

Mtoto aliyezoea kibanda haelewi kusubiriwa. Usiku wa kwanza alikuwa anabonyeza kitufe cha X kama anapiga ngoma, maneno yanapita, swali likija anajibu kabla halijasomwa. Mimi niliyejidai mtu mzima sikuwa bora zaidi yake. Mwanzoni kabisa gemu inauliza unataka ubao gani wa kukuzia watu wako, wa kawaida au wa mabingwa. Ubao ni ramani kubwa ya vitufe, kila mtu anasogea juu yake akiokota nguvu na uchawi. Kwenye ule wa kawaida kila mtu ana njia yake, huwezi kupotea sana. Kwenye wa mabingwa wote mnaanzia kati na kila mtu anakwenda anakotaka. Nikachagua wa mabingwa. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa mbele ya mtoto. Ukishachagua hubadilishi, na kosa hilo tulililipa mwezi wa tano.

*

"Mama mdogo, wanasemaje?"

Hilo ndilo swali lililobadilisha kila kitu. Gemu haina Kiswahili, na Kiingereza cha darasa la sita hakifiki huko. Nikaanza kutafsiri, mwanzoni kwa ufupi ili tusonge, baadaye kwa kunogewa, nikigeuza na sauti.

Sasa tafsiri si mchezo. Yuna kazi yake ni kuita viumbe wakubwa waje kumpigania. Nikasema mganga. Mtoto akakataa katakata, mganga hachezi vizuri hivyo. Tukakubaliana mwitaji. Wale viumbe nikawaita mizimu, kwa sababu asili yao ni watu waliojitoa wakiwa hai wakalala ndani ya jiwe, roho zao zikaendelea kuota. Mahali wanapokwenda waliokufa nikapaita ahera, hapo hapakuwa na mjadala. Kazi ikawa kwenye lile dude. Kwa Kiingereza linaitwa Sin, nami nikatafsiri nilivyoona: Dhambi.

"Dhambi inakuja," nikasema siku ile bahari ilipoanza kuvimba.

"Dhambi anakuja," mtoto akanisahihisha. "Si ana macho?"

Alikuwa na haki. Kitu chenye macho na hasira hakiwezi kubaki kwenye ngeli ya nguo na kalamu. Kuanzia hapo Dhambi alikuja, Dhambi alipiga, Dhambi aliondoka. Kuta za nyumba za kupanga ni nyembamba. Wiki ya tatu jirani yangu, mama mmoja mlokole, alinikuta bombani asubuhi, uso umejaa furaha. "Bwana asifiwe! Namsikia mwanao usiku akikemea. 'Dhambi anakuja, kimbieni!' Ameokoka lini?" Nilishindwa nianzie wapi kumweleza. Nikasema Amina nikabeba ndoo yangu.

Ninachotaka kusema hapa ni kwamba kusoma ndiyo kucheza kwenyewe. Mtu akikwambia kijijini kwamba wadudu fulani wanaogopa radi, amekupa silaha. Ukibonyeza ukapita, utakuja kupigana na yule mdudu nusu saa kwa panga lisilompata. Kama Kiingereza kinakusumbua, cheza na mtu wa kutafsiri, zamu kwa zamu: mmoja ana padi, mwingine ana masikio. Sisi ndivyo tulivyofanya, na kufikia mwezi wa saba nilikuwa naona mtoto anacheka kabla sijatafsiri.

*

Kuna tukio sikulitarajia, na nitalisema kwa sababu kasha lina namba 12 ya umri pembeni na mtu akiiona anatulia moyo.

Mapema kabisa katika hija wanafika bandari ya Kilika wakati Dhambi ameshapita. Nyumba zilizojengwa juu ya maji zimekuwa vijiti. Maiti zimefungwa vizuri, zimelazwa chini ya maji, watu wamesimama kwenye mbao wanalia. Yuna anavua viatu, anatembea juu ya maji na fimbo yake, anaanza kucheza taratibu, na vimwanga vinatoka kwenye maji vinapanda. Lulu, mmoja wa walinzi wake, anaeleza: wafu wasipofanyiwa hivi huwaonea wivu walio hai, wakageuka majitu. Kiingereza kinasema Yuna anawatuma. Mdomo wangu ukakataa neno kutuma. Anatumwa mtoto dukani. Nikasema, "Anawasindikiza." Kama unavyomsindikiza mgeni mpaka njia panda, usimwache aondoke peke yake mlangoni.

Mtoto alikaa kimya, padi ikiwa mapajani. Halafu: "Baba alisindikizwa?"

Baba yake alifariki mtoto akiwa na miaka minane. Tulizika Kilosa. Yeye tulimwacha kwa jirani na tukamwambia baba amesafiri, sisi watu wazima tukiamini tunamsaidia, na baadaye ukweli ukamfikia vipande vipande kama unavyowafikia watoto wote. Sikujua kama bado analifikiria. Picha kwenye runinga haikusimama, Yuna aliendelea kucheza na mimi nilikuwa nimeacha kutafsiri. Nikamwambia. Kwamba baba zake wakubwa ndio waliomwosha. Kwamba mvua ilinyesha wakati wa kutoka na watu hawakuondoka. Kwamba walikuwa wengi hadi wengine walisimama barabarani, na jeneza lilipita mabegani mwao mpaka makaburini. "Kwa hiyo alisindikizwa," akasema. Nikasema ndiyo. Akaniomba tuzime, tukazima.

Kosa langu ni kwamba sikumpigia dada usiku ule. Nilimwambia baada ya siku mbili, naye akaumia, kwa sababu hayo yalikuwa maneno yake ya kusema na alikuwa ameyatunza miaka minne akisubiri wakati. Alikuwa na haki. Aliongea na mwanawe kwenye simu karibu saa nzima, mlango umefungwa, sijui walisema nini. Ukiwa na mtoto wa mwenzako, gemu za aina hii zipitie kwanza peke yako, au uwe na simu karibu. Zina vifo, zina dini, zina wazazi na watoto wasioelewana, na hazina haraka ya kuvipita.

*

Nirudi kwenye mapigano, maana huko ndiko watu wengi wanakokata tamaa wakauza diski.

Kulia mwa kioo kuna orodha ya sura inayoonyesha zamu zinazokuja: wewe, adui, wewe, wewe, adui. Tulicheza zaidi ya saa kumi bila kuitazama. Ukiisoma hiyo orodha unajua kama una nafasi ya kutibu kabla hujapigwa, na ukichagua tendo zito unaiona sura yako ikishuka chini. Pia, uwanjani wanaingia watatu tu, ila unaweza kumbadilisha yeyote kwa kitufe cha L1 katikati ya vita bila kupoteza zamu. Kila mmoja ana adui wake. Wakka anarusha mpira, huyo ni wa ndege. Auron anapasua magamba magumu. Tidus ni wa wanyama wepesi. Lulu ana moto, barafu, radi na maji kwa vile viumbe kama uji visivyosikia panga. Na wanaokua ni wale tu waliofanya walau tendo moja katika vita hiyo. Hapo ndipo tulipoharibu. Mtoto alimpenda Auron, mzee wa jicho moja asiyecheka, na Wakka kwa sababu ya mpira. Lulu na Kimahri walikaa benchi wiki nzima nzima. Waingize hata kwa pigo moja, hata kwa kujikinga tu, kila vita.

Mpira wenyewe unaitwa blitzball, unachezwa ndani ya tufe kubwa la maji. Mechi ya kwanza pale mji wa Luca timu yako ni vibonde na wapinzani ni mabingwa. Mtoto alikataa kufungwa. Tulirudia mara sita, wikendi nzima ikaishia majini. Baadaye ndipo nikajua kwamba ukifungwa hadithi inaendelea kama kawaida. Unachokosa ni tufe moja la kuongeza nguvu. Kama una roho ya kibanda na lazima ushinde, kwenye meli kabla ya kufika Luca kuna sehemu unafundishwa shuti la Jecht, usishuke bila hilo. Vinginevyo fungwa, uende zako.

Lugha ya Al Bhed tuliipenda kupita kiasi. Ni kabila wanaosema maneno yasiyoeleweka, na njiani kuna vitabu 26, kila kimoja kinakufungulia herufi moja. Kumbe ni alfabeti ya Kiingereza tu iliyochanganywa. Mtoto alipoishika akaihamishia kwenye Kiswahili, na Jumatatu moja nikakuta karatasi kwenye jokofu: SYSY STUKU. Ilinichukua mpaka jioni kusoma "mama mdogo". Vitabu hivyo viokote unapoviona, hasa ukifika makao yao yanayoitwa Home. Mahali pale hapatabaki, na hakuna kurudi.

Hekalu la kwanza kule Besaid nalo lina hazina iliyofichwa. Sisi tuliipita bila kujua. Tulipoirudia mwishoni, tukakuta kijiji kinalindwa na Valefor mweusi, mzimu wa upande wa adui, mwenye uhai 800,000. Alitufuta kwa pigo moja. Itoe mapema.

*

Sasa somo la zombi, lililotugharimu kuliko mengine yote.

Katika dunia ya Spira aliyeingiwa na uzombi, dawa inamdhuru na kufufuliwa kunamuua. Gemu inakufundisha kwa utani kwanza. Kuna joka, Evrae, mnaliua juu ya merikebu ya angani, halafu baadaye mkitupwa kwenye mifereji ya Bevelle linarudi likiwa limekufa tayari. Tulilipiga karibu saa nzima. Wakka akaanguka, mtoto akachukua Phoenix Down ya kumfufua, na kwa ile padi inayojivuta mshale ukahamia kwenye joka. Namba iliyotoka juu ya kichwa cha joka sijawahi kuiona. Tukatazamana. Akatumia ya pili, kwa makusudi safari hii, joka likafa. Chupa mbili, saa nzima. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ungedhani tumeelewa. Tukapanda mlima Gagazet, tukakutana na Seymour, adui wa Yuna na wenzake.

Seymour huyu, kwenye hatua hii, ana uhai 70,000 na kando yake kuna kiumbe kinachomsaidia. Kwanza anakuchoma mkuki unaokupa uzombi, halafu yule msaidizi anakutumia uchawi wa kufufua. Umeshaona? Anakutibu ufe. Mara ya kwanza hata hakuhitaji. Tidus alichomwa, uhai ukabaki kidogo, mimi kwa huruma nikampa dawa kubwa kuliko zote tuliyokuwa nayo. Nilimuua kwa mkono wangu. Mtoto hakusema kitu, aliniangalia tu.

Kabla ya vita kuna mazungumzo ya dakika kadhaa yasiyorukwa. Kila tukifa, tunayasikiliza tena. Nilitafsiri mara nyingi hadi mtoto akawa anamwigiza Seymour kwa Kiswahili, sauti nyororo ya mtu mnafiki wa msibani, kabla hajafungua mdomo. Wikendi tatu. Ya pili alitupa padi, akakaa nje kwenye ngazi hadi giza.

Kilichotutoa ni vitu vinne, na kila kimoja kilihitaji turudi nyuma. Maji matakatifu, Holy Water, ya kuondoa uzombi kabla ya kutibu. Tulikuwa nayo mawili. Sumu, maana Seymour pamoja na majivuno yake yote anashikwa na sumu na inamla kila zamu. Lakini uchawi wa sumu ni wa Lulu, na Lulu kwenye ubao wetu wa mabingwa alikuwa amepotelea kona isiyo yake. Tulitumia Jumamosi na Jumapili kwenye nyanda za Calm Lands tukipigana na wanyama ili afike. Tatu, mizimu ya Yuna ijazwe nguvu zote kabla ya kupanda. Seymour anaifukuza mmoja baada ya mwingine, ila kila mmoja anawahi kupiga pigo lake kuu kabla ya kufukuzwa. Na nne, kuangalia ile orodha ya zamu. Mkuki ukipita, anayefuata ni nani? Kama ni wewe, ondoa uzombi. Usimtibu mtu. Ondoa uzombi kwanza.

Alipoanguka ilikuwa Jumapili saa tatu usiku. Mtoto hakuruka. Akavuta pumzi akasema, "Huyu tumsindikize."

Kisha juu, kwenye magofu ya Zanarkand, gemu ikatugeuzia mambo. Kuna Yunalesca, ambaye sitakwambia ni nani. Ana sura tatu. Ya pili inawapa wote uzombi. Sisi wenye akili sasa, tukawasafisha wote kwa maji matakatifu, tukajipongeza. Sura ya tatu ikapiga pigo moja, wote watatu wakaanguka kwa pamoja. Tukarudia, vilevile. Mara ya tatu mtoto akanishika mkono kabla sijabonyeza. "Mama mdogo, acha wawili wagonjwe." Kwa sababu pigo lile linaua wazima tu. Zombi amekwishakufa, haliwezi kumfanya kitu.

Tukaacha wawili wagonjwe. Mzima akafa, wagonjwa wakasimama, wakamfufua mwenzao. Yunalesca akaanguka, video ya baada ya vita ikaanza, Yuna yuko katikati ya kusema kitu ambacho tulikuwa tunakisubiri tangu Januari.

Umeme ukakatika.

Kwa wasiojua: toleo letu halijihifadhi lenyewe. Unahifadhi ukikuta tufe linaloelea njiani, basi. Mwezi wa pili tuliwahi kupoteza saa mbili msituni Macalania kwa sababu nilisema "tutasevu mbele", na tangu siku hiyo tuna sheria, ukiliona tufe unasevu. Kwa bahati tufe lilikuwa karibu kabla ya Yunalesca, kwa hiyo tulipoteza vita yenyewe tu. Lakini kaa gizani na mtoto wa miaka 12 aliyekuwa karibu kusikia neno moja. Umeme uliporudi usiku wa manane, mashine ikalalamika kwamba haikuzimwa vizuri, ikaanza kukagua diski yake, na mimi moyo unadunda hadi tulipoona faili zetu zipo. Tunatumia nafasi tatu za kuhifadhi kwa kupokezana, ili moja ikiharibika au ukijifungia mahali pabaya uwe na pa kurudi. Jumatatu nikaenda kununua UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme ukikatika, 165,000. Inatupa dakika kama kumi, zinatosha kufika kwenye tufe na kuzima kistaarabu. Ningeinunua siku moja na mashine, hata kama ingebidi padi iwe moja.

Jumla, ukitaka kujua: mashine, diski, fundi, padi mpya ya 70,000 na UPS, nimetumia 765,000. Kibanda kingekula kiasi gani kwa miezi minane nimehesabu pia, na si hata robo ya hapo, kwa hiyo sitakudanganya kwamba nimeokoa hela. Muda nao umekwenda. Kuna harusi moja ya mfanyakazi mwenzangu nilisema naumwa kichwa.

Mwisho wa gemu sisemi. Nitasema tu kwamba nilitafsiri dakika za mwisho kwa sauti iliyokwama, na mtoto akanipisha, akaanza kunitafsiria yeye.

Lile pambano la kuruka radi 200 mfululizo kwenye nyanda za Thunder Plains hatukulimaliza. Rekodi yetu ni 37, ya kwangu. Yeye alifika 22 akasema mtu aliyeweka hilo hakuwa na kazi nyumbani.

Dada alikuja wikendi ya mwisho ya Agosti. Jirani alimwahi getini, wakaongea kidogo, wakacheka. Akaingia na begi mkononi, hajavua viatu, akatazama ile UPS inayopiga mlio, karatasi za herufi za Al Bhed ukutani, sisi wawili tumekaa sakafuni.

"Nimeambiwa mnaishi na Dhambi humu ndani. Ndiye nani?"

Mtoto akamsogezea mto, akawasha mashine. "Kaa mama. Ni ndefu."